Mashine ya Vikapu Saba

Joanita ni mtoto wa mdogo wake marehemu mke wangu. Ananiita baba mukubwa. Anafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Rumonge, lakini si kompyuta za kuandikia barua. Anafundisha kile ambacho mashine inaweza kufanya, na kile ambacho haitaweza kamwe hata ikipewa miaka elfu. Somo lenyewe lina jina refu la Kifaransa. Mimi naliita somo la Joanita.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa mtaani wanamwona akipita na begi lake, wanasema yule anafundisha vitu visivyoonekana. Ni kweli havionekani. Lakini nimemwona akirudi jioni, na uchovu wake unaonekana.

Alizaliwa Tanzania, Mishamo, kule tulikokimbilia. Baba yake alikufa mapema, mama yake akaolewa mbali, akabaki kwetu. Marcelina, mke wangu, ndiye aliyemlea. Tuliporudi Burundi alikuwa msichana mkubwa, akapata nafasi ya kwenda kusoma Algeria. Akakaa huko miaka sita. Aliporudi hakukuwa na mtu anayetaka alichosoma. Akafundisha Kabezi miaka saba, watoto wa sekondari, kupiga mashine kwa vidole kumi na kupanga barua iwe nzuri. Kila asubuhi barabarani, kila jioni barabarani. Hakulalamika. Alikuwa amenyamaza tu, kama mtu anayebeba kitu kichwani na anaogopa kugeuza shingo.

Miaka mitatu iliyopita chuo kikampa lile somo lake. Siku hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa na namna yake ya kulitayarisha. Kabla ya kila kipindi alikaa mkekani na Marcelina, wanachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, wanatoa mchanga na vijiti. Marcelina hakukanyaga shule. Mimi angalau nilipata kisomo cha watu wazima kule Mishamo, ndicho hiki ninachoandikia. Yeye hata hicho hakukitaka. Joanita anamweleza somo kwa Kiswahili, Marcelina anasikiliza, mikono inaendelea. Pasipoeleweka anamkatiza.

“Rudi nyuma. Hapo umeruka kitu.”

“Sijaruka, mama.”

“Umeruka. Ulikuwa na mashine moja, sasa ziko mbili. Hiyo ya pili imetoka wapi? Umeizaa?”

Joanita anacheka, anarudi nyuma, anaanza upya. Wakati mwingine mara tatu, mara nne. Ndagala zikiisha, somo nalo limenyooka. Akifika darasani wanafunzi wanamfuata.

Marcelina alifariki mwezi wa tatu. Presha. Sitaeleza zaidi.

Baada ya mazishi Joanita alikaa wiki mbili bila kumweleza mtu somo. Kisha akaja kwangu na karatasi zake.

“Baba mukubwa, nikueleze?”

“Eleza.”

Akaeleza. Mimi nilikuwa natazama mlango. Akimaliza anauliza, “Umesikia?” yaani umeelewa. Nami nasema, “Nimesikia, mwanangu.” Anakunja karatasi anakwenda. Ikawa hivyo kila wiki. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Nimesikia, mwanangu.

Ulipofika mtihani wa katikati ya mwaka, katika wanafunzi thelathini na mmoja walipita watano.

Basi mkuu wa kitivo, ambaye wenyewe wanamwita doyen, akaja nyumbani. Jina lake Pontiani. Si mtu mbaya. Alikuja kwanza kunipa pole, maana siku za mazishi alikuwa safarini. Akakaa, akanywa maji, akauliza habari za michikichi yangu ya Kigwena. Nikamwambia iko. Kisha akamgeukia Joanita.

“Madamu, wanafunzi wameniandikia.”

“Najua.”

“Wanasema wamekuja kusoma kompyuta, nawe hujawashikisha hata moja.”

“Ziko nane, Bwana doyen. Na umeme unajua mwenyewe.”

“Umeme naujua. Lakini wanasema pia hawasikii kitu. Mwaka jana walisikia. Mwaka juzi walisikia. Mwaka huu kuna nini?”

Joanita akamwongezea maji.

“Alhamisi ijayo nitakuja nikae nyuma ya darasa,” akasema Pontiani. “Nikiona wanafuata, somo linabaki. Nikiona wanasinzia, naliondoa. Tutaweka somo la kutengeneza mashine zilizoharibika, wazazi wanalipenda. Wewe utapewa wale wa kuandika barua.”

“Nimetoka huko.”

“Najua ulitoka huko.”

Akaaga. Amahoro, amahoro. Joanita alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akasimama mbele yangu.

“Mimi sielewi. Wewe ulisikia, baba mukubwa. Kila somo ulisikia. Kama wewe ulisikia, wao wanashindwa nini?”

Nikamwambia, “Sikusikia.”

“Lipi?”

“Yote. Labda lile la kwanza, kidogo.”

Akanitazama. “Basi kwa nini ulisema umesikia?”

“Nilikuwa nimechoka. Ukisema hujasikia, mtu anaanza tena.”

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alikaa kwenye mkeka, akaweka mikono magotini, na kwa mara ya kwanza nikaona mvi pembeni mwa sikio lake. Ana miaka thelathini na nane.

Kesho yake mchana alikuja na sahani saba. Akazipanga mstari mmoja kwenye benchi uani, na kando yake bakuli. Katika kila sahani akaweka chikichi moja, katika bakuli akatia kama kumi za akiba.

“Baba mukubwa, simama hapa. Leo wewe ni mashine.”

“Mashine gani?”

“Mashine yoyote. Sikiliza, sheria ni tatu tu. Ukikuta sahani ina chikichi, toa, tia bakulini, acha sahani tupu, kisha rudi mwanzo wa mstari. Ukikuta sahani tupu, songa moja kulia. Ukishapita ya mwisho, keti.”

“Na nikimaliza nimepata nini?”

“Hujapata kitu. Umesimama, yaani kazi imekoma. Ndicho ninachotaka waone. Wanafunzi wangu wanadhani mashine ina akili. Nataka waone mashine isiyojua inachofanya.”

“Yaani mimi.”

“Yaani wewe.”

Tukacheka wote wawili. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Nikafanya. Sahani ya kwanza ina chikichi: nikatoa, nikarudi mwanzo. Ya kwanza tupu: nikasonga. Ya pili ina chikichi: nikatoa, nikarudi mwanzo. Hivyo mpaka zote zikawa tupu, nikapita ya mwisho, nikaketi. Joanita akapiga makofi.

“Tena.”

Nikafanya tena. Siku tatu nilifanya, asubuhi na mchana. Mgongo uliniuma, lakini sikukosea hata mara moja.

Alhamisi yeye alitangulia na gunia. Mimi nilikuja nyuma kwa baiskeli ya abiria. Darasa lao ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Wanafunzi walikuwa wamejaa, wameambiwa doyen anakuja. Pontiani alikuwa nyuma kabisa, daftari limefunguka gotini. Ubaoni Joanita alikuwa ameandika sheria tatu kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa siwezi kusoma, nilikuwa nazo kichwani.

“Huyu ni Mzee Nestori,” akawaambia. “Leo ndiye ordinateri yetu, kompyuta yetu.”

Mwanafunzi mmoja wa mbele, Exaucé, kijana wa Uvira asiyejua kufunga mdomo, akasema, “Hatimaye tumepata moja isiyohitaji umeme!”

Wakacheka. Nami nikaisogelea meza. Hapo ndipo nilipoona hazikuwa sahani.

Vilikuwa vikapu vya Marcelina. Vile vidogo saba alivyosuka mwenyewe, vyenye mstari mwekundu ukingoni. Tangu mazishi vilikuwa vimefungiwa chumbani na nguo zake, tunangoja siku ya kuganduka, siku ya kumaliza kilio, ndipo ndugu wagawane vitu. Joanita ana ufunguo. Baadaye aliniambia sahani zingepiga kelele mezani, na zetu za nyumbani hazilingani, ndiyo maana akachukua vikapu. Hakuona ubaya. Hata mimi sisemi ni ubaya.

Ila Marcelina alikuwa haachi kikapu kitupu. Kikija cha jirani na kitu, hakirudi bila kitu. Hata vya kwake vilivyokaa ndani alivitilia chochote, maharage matatu, karanga. Wageni walimcheka. Nilikaa naye miaka arobaini na sita sikuona kikapu chake kitupu, mpaka siku ile wanawake walipovimwaga wakavifungia. Sasa vilikuwa mezani, na kila kimoja kilikuwa na kitu ndani. Chikichi moja moja, lakini kitu.

“Anza, baba mukubwa,” akasema Joanita.

Kikapu cha kwanza kilikuwa na chikichi. Nikatoa, nikatia bakulini. Mkono ukachukua nyingine bakulini, ukaiweka kikapuni. Sikuutuma. Kisha nikafuata sheria, nikarudi mwanzo. Mwanzo ni kikapu kile kile. Kina chikichi. Nikatoa, nikatia bakulini, nikachukua nyingine, nikaiweka. Nikarudi mwanzo.

Mara ya pili nilijua nimekosea. Mara ya tatu nikajiambia, sasa kiache. Sikuweza.

Exaucé akasimama, akahesabu kwa sauti. “Nne! Tano! Madamu, mashine yako imekufa. Tuitie fundi!”

“Haijafa,” akasema msichana mmoja wa dirishani, Sabrina. “Inafanya kazi kuliko wewe.”

“Kazi gani? Anachezea kikapu kimoja mpaka saa hizi!”

Nikamtazama Joanita. Alikuwa ameshika chaki, uso umesawijika. Aliangalia nyuma kwa Pontiani, naye Pontiani alikuwa amefunga daftari. Nikasema moyoni, Nestori, umemrudisha mtoto Kabezi. Nikanyoosha mkono nitoe ile chikichi niondoke.

“Usisimame, baba mukubwa,” akasema Joanita. “Endelea vivyo hivyo.”

Nikaendelea.

Akawageukia wanafunzi. Sauti yake ilikuwa chini. “Mashine hii itasimama?”

“Haitasimama,” akasema Sabrina.

“Umejuaje? Umeona mizunguko minane tu. Labda wa tisa.”

Sabrina akafikiri. “Kwa sababu mzunguko wa nane umemwacha pale pale ulipomkuta. Vikapu ni vile vile, mzee yuko mahali pale pale, sheria anayofuata ni ile ile. Kitu gani kitabadilika wa tisa?”

“Chikichi za bakuli zitaisha!” akasema Exaucé.

“Anatia moja, anachukua moja,” akasema Sabrina. “Hesabu, Exaucé.”

Exaucé akahesabu kwa vidole, watu wakamzomea.

Kutoka nyuma Pontiani akauliza, “Na mzee akichoka?”

Darasa zima likacheka. Nikajibu bila kuulizwa, “Nimeshachoka.” Wakacheka zaidi.

“Mashine ya kwenye karatasi haichoki, Bwana doyen,” akasema Joanita. “Ndiyo shida yake.”

Akaenda ubaoni. Kando ya zile sheria tatu akaandika nyingine tatu, zile nilizokuwa nafuata mimi bila kujua. Akapiga mstari chini ya sehemu moja upande huu, na sehemu moja upande ule.

“Tazameni. Ya kwanza inasema acha kikapu kitupu. Ya pili inasema weka chikichi nyingine. Yote mengine ni sawa. Moja inasimama, moja haitasimama milele. Sabrina ameitambua kwa kutazama, kwa sababu ni fupi. Sasa mtu akikuletea sheria za kurasa mia, utajuaje kama itasimama?”

“Tunaiwasha, tunangoja,” akasema Exaucé.

“Unangoja mpaka lini?”

“Mpaka isimame.”

“Na isiposimama leo?”

“Nangoja kesho.”

“Na kesho ikiwa bado?”

Exaucé akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa. Wenzake waliona ameketi bila kuambiwa, wote wakamgeukia Joanita.

“Hilo ndilo swali,” akasema Joanita. “Kama iko njia moja ya kujua kwa mashine zote, bila kungoja. Watu wazima wenye akili waliitafuta. Wiki ijayo nitawaonyesha kwamba haiko. Si kwamba haijapatikana. Haiko.”

Mikono ikapanda. Mmoja akauliza, mwingine akabisha, Sabrina akambishia aliyebisha. Walikuwa wanasema Kiswahili, Kirundi na Kifaransa pamoja, na Joanita anakwenda huku na huku na chaki yake. Sikufuata yote. Mimi bado nilikuwa natoa na kuweka. Hakuna aliyekuwa ameniambia nisimame, na nilishaharibu mara moja, sikutaka kuharibu tena.

Mwishowe Sabrina akaja na kiti, akakiweka nyuma yangu. “Keti, babu. Miguu itavimba.”

Nikaketi.

Kipindi kilipoisha Pontiani alitungoja nje, kwenye kivuli cha ukuta.

“Wamefuata,” akamwambia Joanita. “Hata mimi nilifuata. Somo linabaki.”

“Murakoze, Bwana doyen,” Joanita akashukuru.

“Ngoja kwanza. Mwaka ujao saa arobaini na tano za somo lako sina tena. Somo la kutengeneza mashine nimeshawaahidi wazazi, linahitaji saa zake. Nakupa thelathini. Na itakuwa Jumamosi mchana, siku nyingine zimejaa.”

Jumamosi mchana ni wakati ambao nusu ya wanafunzi wanakwenda makwao. Joanita alijua, na Pontiani alijua.

“Murakoze,” akasema tena.

Tulirudi kwa miguu. Yeye alibeba gunia. Tulipofika karibu na soko la samaki akauliza, bila kunitazama, “Kwa nini hukukiacha kitupu? Nyumbani ulikuwa unaziacha.”

“Nyumbani zilikuwa sahani.”

Akatembea kidogo. Kisha akasimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni akamfokea ajitoe.

“Ningekuuliza kwanza,” akasema.

“Uliogopa kuniuliza.”

“Niliogopa utasema ndiyo tu. Kama ulivyozoea.”

Nikamvuta pembeni, mkokoteni ukapita.

Nyumbani alirudisha vikapu chumbani. Sikumwuliza kama viko na kitu ndani au havina. Kisha akatoka na karatasi moja, akakaa mkekani. Ilikuwa orodha ya masomo yake ya mwaka, kumi na tano, kila moja saa tatu. Kwa saa thelathini zinabaki kumi. Alikuwa anatafuta matano ya kuondoa.

“Nisomee,” nikasema.

Akanisomea, moja moja, kwa Kiswahili. Nilipokuwa sielewi nilisema sielewi. Akaeleza tena. Ilichukua mchana wote. Masomo mawili aliyakata upesi, akasema yanajirudia. La tatu alilikata akiwa amekunja uso. La nne aliliacha, akalirudia, akalikata.

La tano hakulijua. Kalamu ilipanda na kushuka kwenye karatasi. Mwishowe ikasimama chini, kwenye la mwisho.

“Hili nieleze tena,” nikasema.

“Maswali ambayo ukipewa jibu unalikagua haraka, lakini kulitafuta jibu lenyewe kunaweza kukumalizia maisha. Hakuna anayejua kama ni lazima iwe hivyo. Wanatafuta mpaka leo.” Akainua kalamu. “Ndilo nililoandikia kitabu changu cha kumaliza masomo kule Algeria. Miaka miwili nilikaa nalo.”

“Basi hilo liache. Kata lingine.”

“Hili limesimama juu ya hayo mengine. Nikitoa ya chini, hili halitasikika. Nikilitoa hili, ya chini yanabaki mazima.”

“Hakuna namna?”

“Nimeangalia, baba mukubwa.”

Akapiga mstari juu yake, mmoja tu, ulionyooka. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya begi. Kisha akavuta ungo wa ndagala, akaanza kuchambua, nami nikasogea nikachukua upande wangu.